Kupanga Masafa Ndani ya Kilohezi Mbili

Bendi ya redio, yaani kipande cha masafa, ninayoikesha zaidi ina upana wa kilohezi 2.1 tu. Inaanzia kilohezi 135.7 na kuishia 137.8, na kwa kuwa mawimbi yake yana urefu wa takriban mita 2,200, wengi wetu tunaiita bendi ya mita 2200. Mtu aliyezoea kuzungumza kwa sauti kwenye masafa ya juu akija huku na mtambo wake wa SSB, njia ya kawaida ya kurusha sauti, atagundua kwamba sauti yake peke yake, inayohitaji kilohezi 2.4 au zaidi, haiingii yote ndani ya bendi nzima. Ndiyo maana kila mwendeshaji wa redio ya ridhaa, yaani anayerusha kwa mapenzi yake bila malipo, anayehamia huku huanza na swali lile lile: kama mahali penyewe ni padogo hivi, nani akae wapi? Kwa muda mrefu niliamini kwamba jibu ni mpango wenye mipaka iliyochorwa sawasawa. Siku hizi naona kwamba bendi nyembamba hupangika vizuri zaidi kwa kuangalia upana wa ishara, saa ya kurusha na kelele iliyopo kwa yule anayepokea, na kwamba ni mipaka michache sana inayostahili kuachwa pale pale ilipo.

Historia yake si ndefu. Uingereza iliwapa waendeshaji wake kipande cha kilohezi 71.6 hadi 74.4 mwaka 1996, kikaja kufungwa mwaka 2003. Mwaka 1997 nchi za Ulaya zilizo chini ya CEPT, umoja wa mamlaka zao za posta na mawasiliano, zilipendekeza kipande hiki cha 135.7 hadi 137.8, na mkutano wa dunia wa mawasiliano ya redio wa mwaka 2007 ukakitenga kwa dunia nzima, kwa daraja la pili na kwa nguvu isiyozidi wati 1 ya EIRP, yaani nguvu inayohesabiwa kana kwamba antena inaitawanya sawa kwa pande zote. Marekani ilikifungua mwaka 2017, pamoja na sharti la kutoa taarifa kwanza, kwa sababu kampuni za umeme za huko hutumia masafa ya jirani kupitisha ishara kwenye nyaya zao kubwa. Daraja la pili maana yake ni kwamba sisi ni wageni: haturuhusiwi kuwasumbua wenye daraja la kwanza, na wao wakitusumbua hatuna pa kushtaki.

Mpango wa zamani wa Ulaya uliikata bendi hii vipande vinne. Kuanzia 135.7 hadi 136.0 palikuwa mahali pa kujaribia mitambo na pa kusikiliza ng'ambo ya Atlantiki, kuanzia 136.0 hadi 137.4 palikuwa pa Morse ya kawaida. Hezi 200 zilizofuata zilikuwa za njia nyingine za kidijiti. Na hezi 200 za mwisho, katikati yake ikiwa 137.7, ziliachiwa Morse ya polepole sana. Mpango wa baadaye wa IARU, umoja wa kimataifa wa waendeshaji wa ridhaa, kwa Kanda ya 1, yenye Ulaya na Afrika ndani yake, hauna vipande hivyo. Ni mstari mmoja tu, unaosema kwamba bendi nzima ni ya Morse, Morse ya polepole na njia nyembamba za kidijiti, na kwamba ishara isizidi upana wa hezi 200. Nilipouona mara ya kwanza nilidhani kuna ukurasa uliodondoka.

Haukudondoka. Kilichotokea ni kwamba ishara zenyewe zilizidi kuwa nyembamba hadi mipaka ikakosa kazi. Morse inayosikilizwa kwa sikio huhitaji hezi hamsini hivi. Katika Morse ya polepole iitwayo QRSS3, nukta moja hudumu sekunde 3, na ishara inakuwa nyembamba kuliko hezi moja. Hapo sikio halina kazi tena. Kompyuta huchora nukta na vistari kwenye skrini, nasi tunasoma kwa macho. Neno la herufi tano kama PARIS, ambalo ndilo kipimo cha kawaida cha mwendo wa Morse, huchukua dakika mbili na nusu kwa QRSS3 na dakika hamsini kwa QRSS60. Siku hizi tuna pia FST4W, njia ya kidijiti ya kompyuta ambayo hutuma ujumbe mmoja mfupi kwa dakika 2, 5, 15 au 30. Ule wa dakika 2 hukalia takriban hezi 6, na ule wa dakika 30 hukalia chini ya nusu hezi. Tofauti ya usikivu kati ya hizo mbili ni desibeli 12, sawa na kuongeza nguvu ya kurusha mara kumi na sita. Haba na haba hujaza kibaba, na hapa kibaba chenyewe huchukua nusu saa kujaa.

Kwa hesabu tupu, basi, nafasi ni tele. Katika hezi 200 unaweza kupanga ishara za hezi 6 zaidi ya thelathini bila yeyote kumgusa mwenzake, na za dakika 30 mamia. Hesabu hiyo ni ya kweli kwa karatasi tu, kwa sababu haitaji mambo mawili yanayotawala bendi hii, yaani antena na kelele.

Nianze na antena, kwa kuwa ndiyo inayowashangaza wengi. Robo ya wimbi kwenye kilohezi 136 ni mita 550 hivi. Hakuna mtu wa ridhaa mwenye mlingoti wa namna hiyo, kwa hiyo tunasimamisha waya wa mita kumi na tano na kutandaza nyaya nyingine juu yake ili kuongeza kapasitansi, yaani uwezo wake wa kubeba chaji. Antena ya namna hiyo ina ukinzani wa mnururisho, ule unaogeuza nguvu kuwa mawimbi, wa takriban omu 0.07, ilhali ukinzani wa ardhi, koili na kila kitu kilicho karibu waweza kuwa omu 50. Ili kufikia ile wati 1 ya EIRP lazima nisukume ampea 2.1 hivi kwenye waya, na hilo linadai zaidi ya wati 220 kutoka kwenye mtambo. Karibu zote huishia kupasha udongo joto. Kapasitansi ya antena yangu ni pikofaradi 300 hivi, ambayo hufutwa na koili ya milihenri 4.5 iliyosukwa juu ya pipa la plastiki, na juu ya koili hiyo kuna volti zaidi ya elfu nane wakati mtambo unapounguruma. (Usiku wa kwanza niliona cheche ikitambaa kwenye mbao kavu niliyokuwa nimeiegemeza hapo bila kufikiri. Mbao hiyo haipo tena.)

Sasa, muundo huo ukiupigia hesabu, upana wake, yaani masafa inayoyakubali bila kurekebishwa, unatoka kilohezi 1.75 hivi. Yaani antena yenyewe ni nyembamba kuliko bendi. Ukiiboresha ardhi yako kwa kuzika nyaya nyingi zaidi, hasara inashuka na upana unazidi kupungua. Kadiri antena inavyokuwa nzuri ndivyo inavyozidi kukufungia mahali pamoja. Nilipata somo hilo jioni niliyojaribu kuikimbia kelele kwa kushuka kilohezi moja nzima bila kugusa koili. Sindano ya kipimo cha mkondo ilishuka kutoka 2.1 hadi 1.4. Nilikuwa nimepoteza zaidi ya nusu ya nguvu kwa kuzungusha kitufe kimoja. Tangu hapo nina variometa, ambayo ni koili ndogo inayozunguka ndani ya ile kubwa, na imeunganishwa na kijiti kirefu cha plastiki ili mkono wangu ukae mbali na zile volti. Robo ya mzunguko inatosha kunirudisha kwenye kilele.

Mvua nayo ina mpango wake wa masafa. Kapasitansi ikiongezeka kwa asilimia moja tu, yaani pikofaradi 3, mahali antena inapokubali panashuka kwa takriban hezi 680, karibu theluthi ya bendi. Matawi yaliyolowa karibu na waya yanatosha kabisa kufanya hivyo. Mtu akikuambia kwamba mpango fulani unamtaka abaki 137.70 usiku kucha, muulize kama mawingu yameshirikishwa katika mpango huo.

Kelele ni habari ndefu zaidi, na ndiyo iliyonibadilisha mawazo. Kuna kelele inayokaa mahali pamoja na kuna kelele inayohama, na kila moja inadai mpango wa aina yake. Ile inayokaa ilikuwa, kwa miaka mingi, Loran-C, mfumo wa kuongozea meli uliorusha mipigo kwenye kilohezi 100. Sehemu kubwa ya nguvu yake ilikaa kati ya kilohezi 90 na 110, lakini masalia yalifika hadi kwetu. Kwa kuwa mipigo ilijirudia kwa saa za atomu, masalia hayo yalionekana kama mistari iliyonyooka kama uzi. Mlolongo wa vituo uliopewa namba 7499, kwa mfano, ulijirudia kikamilifu kila milisekunde 149.98, hivyo ukaacha mstari kila baada ya hezi 6.67. Ilikuwa kero, lakini kero yenye adabu. Ungeweza kukokotoa kwa kalamu mistari yote inapita wapi, kisha ukaiweka ishara yako ya polepole katikati ya miwili na kulala. Mpango uliochongwa kwenye jiwe ulikuwa na maana wakati ule. Marekani ilizima Loran-C yake mwaka 2010, na vituo vya Ulaya magharibi vikafuata mwishoni mwa 2015.

Kelele inayohama haina adabu hiyo. Umeme wa hezi 50 una hamoniki, yaani nakala zake kwenye masafa ya juu, kila baada ya hezi 50, na hamoniki ya 2,720 inaangukia kilohezi 136.000 barabara, lakini hiyo ni pale tu ambapo gridi iko kwenye 50 kamili. Gridi ikipanda kwa sehemu mbili za mia za hezi, jambo linalotokea kila siku bila yeyote kuwasha mshumaa, hamoniki hiyo inahama kwa hezi 54. Yaani mistari ya umeme hufagia bendi yetu juu na chini mchana na usiku, na hakuna hezi moja unayoweza kuitangaza kuwa salama kwa mwaka mzima. Chaja na taa za LED ni vivyo hivyo. Nyumbani kwangu kulikuwa na chaja ya kompyuta ambayo kwenye skrini ilionekana kama moshi mnene. Ikichomekwa ilikuwa juu ya 137.6, ikapoa na kupata joto kwa kadiri ya kazi ya kompyuta, na ndani ya saa moja ilikuwa imeteremka hadi 137.4, ikiwa imewafunika wote waliokuwa wakirusha WSPR, njia ya kidijiti ya kupimia ishara dhaifu zinafika wapi. Kwa wiki mbili niliwaona wenzangu wakipotea kila jioni saa mbili, nikazilaumu hali za anga, nikasoma taarifa za dhoruba za jua. Kumbe mhalifu alikuwa chini ya meza yangu mwenyewe.

Kwa wanaosikilizia Ulaya kuna pia majirani wakubwa wasiohama: vituo vya kuamrisha mita za umeme na taa za barabarani vilivyoko Burg nchini Ujerumani, karibu na kilohezi 139, na Lakihegy nchini Hungaria, karibu na 135.6, kwa nguvu za makumi ya kilowati au zaidi. Vyote viwili viko nje ya bendi, kila kimoja upande wake, lakini kipokezi dhaifu huvileta ndani. Hapo suluhisho ni kichujio kizuri, wala si mpango wa masafa.

Sasa turudi kwenye swali la nani akae wapi. Anayerusha karibu yangu hanisumbui kwa sababu amekalia hezi zangu. Hanisumbui hata kidogo nikiwa sitarajii kitu. Ananisumbua pale ninapongoja ishara iliyo chini yake kwa desibeli sitini, kutoka bara jingine, hezi tano pembeni. Hapo hata usafi wa mtambo wake unahesabika, kwani pembe kali za kukata na kuwasha hutapakaa mbali na pale ishara yenyewe ilipo. Waliotangulia walilijua hilo. Walipokuwa wakijaribu kuvuka Atlantiki, jambo lililofanikiwa kwa pande zote mbili mwaka 2001, upande mmoja ulirushia sehemu ya juu ya bendi na kuuacha mwisho wa chini uwe kimya kwa ajili ya kusikiliza. Kile kipande cha 135.7 hadi 136.0 katika mpango wa zamani kilikuwa, kwa asili yake, kipande cha kunyamaza, na huwa najiuliza kama hilo halikuwa wazo bora kuliko yote yaliyokuwamo.

Ila kunyamaza kunahitaji saa. Hakuna haja ya kuzima hezi 300 mchana kweupe, wakati tabaka la chini la ionosfia, ile hewa ya juu yenye chaji, linameza ishara za mbali na hakuna wa kusikilizwa. Ni usiku, pande zote mbili za bahari zikiwa gizani, ndipo hezi hizo zina thamani. Kwa hiyo katika kikundi chetu kidogo tulikubaliana hivi: mchana kila mtu ajaribu anachotaka, popote, mradi ishara yake isizidi hezi 200; baada ya jua kuzama, majaribio ya nguvu yahamie juu na kila mmoja atangaze mapema hezi na muda atakaotumia. Mwenzetu mmoja, mtu mzima aliyeanza na vali za glasi, hakupenda hata kidogo. Aliniandikia: "Mwanangu, mpango unaobadilika kila jioni si mpango, ni hali ya hewa." Nilimjibu kwa heshima kwamba kwenye bendi hii ni hali ya hewa kweli, nikamweleza ile habari ya pikofaradi 3. Hakunijibu, lakini baada ya mwezi aliniomba mchoro wa variometa.

Alikuwa na hoja, hata hivyo, na hoja yake ndiyo iliyonizuia nisivuke mpaka na kudai kwamba kila kitu kiachwe huru. Kuna mahali pa kukutana ambapo hapafai kuguswa. WSPR hukaa kati ya kilohezi 137.4 na 137.6, na vipokezi vya watu waliolala, vinavyojiendesha vyenyewe usiku kucha, vinasikiliza hezi hizo 200 tu. Ukiona humo mna kelele ukaamua kwa hiari yako kurushia 136.9, hujamkwepa mtu. Umejitoa machoni mwa dunia. Ndani ya dirisha hilo uhuru unabaki, maana unaweza kuhama hezi ishirini ukaikwepa ishara ya mwenzako, na huku ndiko kuhama ninakokutetea. Ni sawa na kukutana chini ya mti mmoja: mti haung'olewi, ila kila mtu huchagua upande wenye kivuli.

Kipimo kingine kinachoweka mipaka kwenye uhuru huu ni usahihi wa masafa yako mwenyewe. Kristali ya kawaida inayokosea kwa sehemu kumi katika milioni itakuweka hezi 1.4 pembeni ya pale unapodhani upo. Kwa WSPR si neno. Kwa ishara ya FST4W ya dakika 30, ambayo nzima yake ni theluthi ya hezi, ni sawa na kuahidi kukutana na mtu nyumba ya tatu kisha ukagonga ya saba. Wanaopanga nafasi za hezi moja moja wanalazimika kufunga mitambo yao kwa saa ya GPS, na nisingemshauri mtu aombe nafasi ya namna hiyo kabla hajafanya hivyo.

Zamu za muda ndizo zilizomaliza ugomvi mdogo uliobaki. Programu zenyewe zinasaidia: WSPR huanza sekunde moja baada ya dakika shufwa, na mtu huweka asilimia ya vipindi atakavyorusha, aghalabu moja katika vitano, ili vilivyobaki asikilize. FST4W ina mpangilio wa kupokezana, ambapo watu watano waweza kugawana vipindi vitano bila kugongana hata mara moja, wote wakiwa kwenye hezi zile zile. Tulipoanza kupokezana, tuligundua kwamba ule msongamano tuliokuwa tukiulalamikia ulikuwa wa watu watatu waliokuwa wakirusha kwa wakati mmoja usiku kucha, kila mmoja akiamini kwamba wenzake wanamsikiliza.

Leo mchana mvua ilinyesha. Nimekwisha kwenda nje kuzungusha kijiti cha variometa, sindano imerudi kwenye 2.1, na mistari ya umeme kwenye skrini imekaa chini kidogo ya 137.45. Nimetuma ujumbe kwa wenzangu kwamba nitakaa 137.58 kwa kipindi cha kwanza katika kila vitano, hadi saa kumi na moja alfajiri. Yule mzee amechukua kipindi cha tatu.